Kipande cha Rehema

Jumatatu, 13 Novemba 1995

"Familia ni baba, mama na watoto. Pasipo baba hapana familia." Mzee Mgaya, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kikaoni jana. Upuuzi. Yusufu alimlea mtoto ambaye hakumzaa, na Majilio yote, wiki nne za kungojea Krismasi, tunaingoja nyumba hiyo hiyo! Nusu ya nyumba za hapa Njombe zinaendeshwa na wajane na mabibi. Nilimwambia. Akacheka: "Mwalimu, umeanza siasa zako."

Kila mwaka kabla ya Majilio barabara ya kupanda kanisani hugawiwa vipande. Kila familia hufyeka kipande chake, na Jumapili ya kwanza jina lake husomwa, nayo husimama hapo ikiimba mpaka maandamano yaifikie, kisha hujiunga. Binti yangu Rehema, aliyerudi na watoto wawili bila mume, kanyimwa.

Alhamisi, 16 Novemba

Mvua. Rehema anakohoa. Ushirika ulipokufa alipoteza ukarani, akaenda Makambako kufua mashuka ya gesti. Soko huria, wanasema. Huria kwa nani?

Hospitalini Bulongwa walimwambia anachoumwa. Kaniambia mimi peke yangu, tukichambua maharage. Nikamwambia asimame kwenye kipande changu. Hataki. Anataka watoto wake wajulikane usharikani kwa jina lao kabla hajafa, wasije wakawa watoto wa kuokotwa. Hilo tu.

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya ibada familia zote uwanjani, wazee wakipima barabara kwa kamba. Nikasimama na karatasi yangu, kurasa nne. Nikawachapa wanaojenga kwa hela za mbao na kuwakimbia wagonjwa wao. Nikahitaji mfano. Nikasema: mtu anakufa kwa ugonjwa huu, nanyi mnamnyima hatua kumi za barabara? Nikamnyooshea Rehema kidole.

Mzee Mgaya aliinamisha kichwa. Kipande kikatolewa. Nilishinda.

Nikageuka. Rehema ameketi nyasini na watoto. Watu wamesogea, pande zote nyasi tupu. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe.

Ijumaa, 24 Novemba

Tumefyeka, yeye, mimi na watoto. Hakuna aliyetupa hata salamu ya kamwene. Mjukuu wangu Elia aliazima fyekeo kwenye kipande cha jirani, akalirudisha. Mama Kilasi, mwenye kipande hicho, akawapigia wanawe kelele: "Liacheni hilo! Msilishike tena!" Fyekeo wakaliacha kwenye matope.

Rehema alimaliza kipande chote. Njiani akasema, "Mama, ungeniuliza."

Nimeandika vitabu vizima vya hasira kichwani mwangu dhidi ya Mama Kilasi. Hasira hiyo si yake.

Jumapili, 26 Novemba

Rehema na watoto waliondoka jana alfajiri kwa lori la mbao. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 28 Novemba

Makambako. Nimezunguka gesti zote. Mwishowe Mzee Salumu, mnunuzi wa mahindi pale karibu na stesheni, alinivuta kando. "Wako kwangu, mwalimu. Mke wangu anawapikia. Ila Rehema amesema usije."

"Watoto je?"

"Wanakula. Wameshaanza kumchokoza mbuzi wangu."

Alinipa chai. Nilishindwa kuinywa.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio. Ukungu. Wamesoma: familia ya Rehema. Nilikuwa kwenye kipande changu, chini kidogo ya chake. Maandamano yakapita pale patupu, kwaya ikiimba. Nyasi zimekatwa vizuri. Mzee Mgaya akaja kunishika mkono: "Pole, mwalimu." Alimaanisha. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Rehema hana muda mrefu. Najua.

Tumaini na Elia, wajukuu zangu, mkilikuta daftari hili: njooni Njombe mdai kipande chenu. Simameni wenyewe, semeni wenyewe. Msikubali mtu awasemee, hata anayewapenda.