Hekalu Ndani ya Kartoni

Lundi, 7 Novemba 2011

Leo nilipangusa vitre za madirisha ya salon, jikoni, kiisha douche. Papa Sundaram, muzee Muhindi ninayemufanyia kazi huku kwa Bazungu, hakukula supu yangu ya vendredi. Niliikuta ndani ya frigo vile niliiacha. Nikamuambia: Papa, mimi sipikie frigo. Akakula. Nilisimama pale mpaka sahani ikawa nyeupe.

Macho yake inazidi kuharibika. Leo alimwanga chai kando ya kikombe, akaendelea kumwanga. Nilipangusa tu.

Aliniomba nivute kartoni iliyo chini ya kitanda. Ndani mko diapo, picha kidogo-kidogo, kila moja na kadre yake ya plastiki, unaiangalia mbele ya taa. Ni hekalu ya kwabo, kusini ya India, ya mawe matupu, ya zamani sana. Alipiga picha ya jiwe moja-moja, wakati alikuwa kijana na macho ya mwewe. Sasa mvua iliangusha kuta tatu. Mawe imelala ndani ya majani, imechanganyika, na bamaçon, bajengaji, banangoja picha zake ili bajue jiwe gani linarudi wapi. Hakuna muntu mwingine aliyepiga.

Binti yake Leela atafika samedi ya tarehe 19, na mashine ya kuzituma.

Kadre ni chafu kabisa. Mambo ya wanaume.

Mercredi, 9 Novemba

Leo nilifanya kazi ya kweli. Papa alilala kisha kula, mimi nikakaa na pamba na alcool. Diapo 84. Picha yenyewe sikuigusa, mimi si mujinga. Kadre tu. Vumbi, mafuta ya vidole, na kwa kona moja ya kila kadre alama nyeusi iliyojikunja, kama mududu alichovya muguu ndani ya wino akapita.

Niliziangalia vizuri, maana siku hizi ninajua kusoma. Kwa masomo ya bamama tulishafika herufi R, na namba mpaka mia; kuandika marefu bado, siku zangu hizi ninazisema ndani ya simu. Hakuna herufi hata moja pale. Hakuna namba. Bon, ni uchafu. Nikasugua.

Ziling'aa kama sahani za arusi. Nilirudi nyumbani na furaha.

Vendredi, 11 Novemba

Ni konje, siku ya kupumzika, lakini nilienda. Nilimupelekea sombe, majani ya muhogo. Muntu wa peke yake hana konje ya njaa.

Kisha kula alisema: Maman Véro, washa taa, tuanze. Utaniambia unaona nini, mimi nitasema ni nini, utaandika. Tafuta namba moja. Iko kwa kona, ni namba ya luga yetu, inafanana na konokono kidogo.

Nilishika kadre mbele ya taa: kona ilikuwa safi, niliisugua mimi.

Nilisema taa ni mbaya. Nilisema tutaona lundi. Akasema sawa, Maman, na akanishukuru kwa sombe.

Nilimudanganya muntu asiyeona.

Dimanche, 13 Novemba

Kanisa, kule mutaa wa Forest. Pasta alihubiri juu ya Yona, yule alikimbia Mungu. Mimi nilisikia jina langu.

Kwa mulango Maman Béa alinishika mukono: Eti siku hizi unapangusa masanamu ya Bahindu? Nikamujibu: Nilikupangusa wewe pia ulipokuwa mugonjwa, na haukuwa mutakatifu. Bamama bakacheka. Mimi sikucheka.

Ninaogopa. Ninaogopa mbele ya muzee mwembamba wa kilo hamsini.

Lundi, 14 Novemba

Nilimuambia. Nilivaa koti kwanza, nikasema nimesimama, ili akinifukuza niwe tayari.

Hakupiga kelele. Aliuliza: Zote? Nikasema: Zote, Papa. Vidole vyake vikatembea juu ya kadre, vikitafuta. Kiisha: Kwa nini haukuniuliza?

Nikasema sikuona herufi pale. Akasema: Zilikuwa herufi, Maman. Hazikuanza siku ulianza kusoma wewe.

Hiyo ilinichoma. Papa iko na haki.

Akaniambia niende. Nilivua koti, nikaosha vyombo, nikavaa tena, nikaenda. Ndani ya bus kwa Chaussée d'Ixelles nililia na sauti, mwanamuke muzima. Mutoto mumoja wa Kizungu alinipa mouchoir ya kupangusa machozi.

Miaka sitini na mingapi bila kusoma, sikuharibia muntu kitu. Nimesoma miezi nane, tazama.

Mercredi, 16 Novemba

Alifungua mulango. Hakusema bonjour, lakini alifungua. Nilipika dengu vile anapenda, na pilipili nyingi. Alikula.

Mimi nikakaa mbele ya taa na loupe, kioo cha kukuza. Kama nimevunja, nitaokota.

Mawe makubwa alikuwa anayajua kwa maneno yangu. Nikisema: mwanaume ameketi chini ya muti, muguu juu ya muguu. Anasema: ukuta wa kusini. Nikisema: mwenye vichwa vitatu. Anasema: kaskazini, iko na kichwa cha ine nyuma, hauwezi kukiona. Kwabo kila mungu iko na upande wake, hahame. Lakini hayo ni manane tu. Mengine ni mawe ya chini: mwanamuke anacheza, mwanamuke mwingine anacheza, simba na pua ya tembo, tena simba, tena simba. Hizo zinafanana kama maharagi. Alisema: Hizo bila namba ni bure.

Nikasema: Papa, niambie siku ile ulitembea namna gani. Hakutaka. Nikamimina chai, nikauliza tena. Mimi ninajua kuuliza tena.

Akasema ilikuwa siku moja tu, mwezi wa kwanza, hawakuwa na ruhusa ya siku mbili. Alianza kwa mulango, unaangalia mashariki, jua likitoka. Akazunguka hekalu ikiwa kwa mukono wake wa kuume, kusini, magaribi, kaskazini, mpaka giza. Nikauliza: haukurudi nyuma hata kidogo, kwa picha uliyoikosea? Alishangaa. Alisema: Nyumba ya Mungu unaizunguka na mukono wa kuume. Hakuna anayerudi nyuma pale, Maman, hata mupiga picha. Bibi yake wa ndoa alitangulia na trépied, miguu tatu ya kusimamisha kamera, kwa bega, miguu mitupu juu ya mawe yenye kuungua.

Siku moja. Bila kurudi. Nilisimama.

Mimi nilikuwa nikiuza tomati Lubumbashi tangu niko mutoto wa miaka kumi, kando ya ukuta wa soko. Tomati ikipata jua imekufa. Nilisukuma beseni langu na kivuli, kidole kwa kidole, kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Saa sikuwa nayo. Kivuli nilikuwa nacho.

Nikashika diapo ya simba. Nikasema: Papa, pua yake inatupa kivuli kirefu kushoto. Nikashika ingine: hapa kifupi, kinashuka. Nikashika ingine: hapa kiko chini ya pua kabisa.

Papa alisema polepole: Ukuta wa kusini. Asubuhi, kiisha mbele ya midi, kiisha midi.

Namna hiyo tutajua ipi ilitangulia.

Vendredi, 18 Novemba

Shingo inauma. Macho inauma. Tulifanya kazi tangu saa mbili mpaka taa za barabara ziliwaka.

Kusini, kivuli kinatoka kushoto na kinashuka. Magaribi, mwanzo kivuli kinaning'inia chini ya kila paji la uso kama pazia, kiisha kinapanda, kinapanda, mpaka kinaisha na jiwe linakuwa rangi ya matofali. Mimi ninasema, Papa anasema ndiyo ao hapana. Mara mbili alisema hapana, na nilipoangalia tena, alikuwa na haki. Mara moja mimi nilikataa, na mimi nilikuwa na haki. Alicheka. Mara ya kwanza tangu lundi. Alisema: Maman Véro, unagombana kama bibi yangu. Nikasema: Basi alikuwa na akili.

Kaskazini ndio ilitusumbua. Jua halifike pale. Hakuna kivuli. Tulikaa kama bantu balipoteza funguo. Nikaangalia sana. Ya kwanza ni kijivu, kiisha zinaanza kuwa bluu, bluu, bluu zaidi. Ilikuwa jioni inaingia ndani ya mawe.

Lakini mbili ni bluu sawasawa. Niliziweka pamoja, nikazigeuza, nikasali kidogo. Hapana. Papa aliniambia nichague tu, hakuna atakayejua. Nilikataa. Nilishasugua mara moja bila kujua, sitaandika mara ya pili bila kujua.

Namba niliziandika mimi mwenyewe, na feutre, kalamu ya wino munene, 1 mpaka 82. Ya 7 imelala kidogo. Kwa zile mbili niliandika: HATUJUE. Herufi zote za neno hilo nilishasoma, isipokuwa T na U. Papa alinichorea ndani ya kiganja.

Samedi, 19 Novemba

Leela alifika na mashine. Mwanamuke wa haraka, mwenye simu. Nilimuambia kosa langu kwa mulango, mbele ya kuvua viatu, ili asilisikie kwa mwingine. Aliniangalia. Aliangalia meza, diapo zimepangwa pande ine, na kikombe cha baba yake katikati.

Alisema: Papa hakunipigia simu juma nzima. Nilifikiri iko mugonjwa.

Nikasema alikuwa na kazi.

Lundi, 6 Februari 2012

Baridi kali. Bomba la maji kwangu lilikamata barafu. Kwa Papa chauffage, mashine ya joto, inaenda, Mungu asifiwe. Vitre hapana leo, maji inaganda juu ya kioo.

Leela alipiga simu. Ukuta wa kusini umesimama. Kwa ule wa magaribi baliinua jiwe la kwanza juzi. Bamaçon banafuata namba zangu, ile 7 yenye kulala pia. Yale mawe mawili balilaza juu ya majani makavu karibu na mulango, balifunika na kitambaa. Balisema bataangalia namna mengine inakaa, kiisha batajaribu.

Papa aliniomba nimuambie tena zile mbili. Nilishamuambia labda mara kumi. Nikamuambia. Mwanamuke anacheza, pua imevunjika, muguu wa kushoto juu. Na bata, ameshika tawi la maua ndani ya mudomo, shingo imerudi nyuma kama muntu anayeitwa.

Alisimama, akaweka mukono wa kuume juu ya meza, akaanza kuizunguka polepole, viatu ameviacha chini ya kiti.

Nilisogeza ndoo ili asijikwae.

Alikula supu yote.