Mawe Yasioshwe

4 Machi

Kwako Kijiti, mjukuu wangu,

Barua yako imefika na salamu nimezipokea. Mimi mzima, goti tu ndilo linalojifanya lina akili kunishinda. Wewe unakula? Hicho chuo cha uuguzi kikufundishe kwanza kujiuguza mwenyewe, ulivyokonda.

Samaki wako ulioniachia tangini wote wanne wazima, wamejibandika kwenye mawe kama viraka kwenye suruali. Sijapata kuona samaki mvivu wa kuogelea kama hawa. Pampu inavuma mchana kutwa, na maji yanakwenda mbio utadhani yanafukuzwa.

Lakini wewe na marehemu baba yako ni wamoja kwa uchafu! Mawe yalikuwa ya kijani, yanateleza. Jirani yetu, mke wa fundi saa, alipoingia alikodoa macho, nikaona aibu mimi. Nimeyatoa yote, nikayasugua kwa brashi na mchanga. Sabuni sikutia, sijawa mjinga. Sasa yanang'aa, na kila Jumamosi nitayarudia. Miaka thelathini nimeosha masufuria ya jiko la shule, jiwe ndilo litanishinda?

Ni mimi,
Bibi yako


15 Machi

Shikamoo Bibi,

Mimi sijambo, nakula, zamu za wodini tu ndizo zinanichosha. Goti likandwe kwa maji ya moto.

Bibi, nakuomba, usisugue mawe. Ule utelezi ndio chakula chao. Wanaukwangua kwa midomo, hawana kingine. Ubavuni mwa tangi kuna karatasi, baba aliandika kila kitu. Isome tafadhali. Hao samaki ndio kitu pekee cha baba ambacho bado kinapumua.

Uniandikie wako wangapi.

Mjukuu wako,
Kijiti


2 Mei

Kijiti,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Goti limepoa. Paa la jikoni limezibwa. Mke wa fundi saa amevunja bakuli langu la maua na pole hajatoa. Na herufi zako zimelala kama walevi, andika wima.

Karatasi ya baba yako niliibandua siku ile ile niliposugua mawe mara ya kwanza, gundi ilikuwa inachafua kioo. Imo kwenye droo.

Samaki wapo.

Bibi yako


11 Mei

Shikamoo Bibi,

"Wapo" si hesabu. Wako wangapi?

Kijiti


14 Juni

Kijiti,

Leo salamu zitakuja mwishoni.

Wako wawili. Wenzao walikufa Aprili, wote katika wiki moja, matumbo yameingia ndani kama mifuko mitupu. Barua yako niliipata mapema. Nikaisoma, nikasema mtoto wa juzi hanifundishi mimi usafi. Jumamosi nikasugua tena, na iliyofuata pia.

Ulipouliza mara ya pili nikafungua droo. Unajua kusoma kwangu, kidole kinatangulia, jicho linafuata. Tena mwandiko wa mwanangu nilikuwa naukwepa tangu tumzike. Ameandika: "Mawe yasioshwe. Kijani kikipungua, tia mawe mengine kwenye beseni la maji, weka juani mpaka yateleze, kisha badilisha." Halafu chini kabisa: "Mama akitaka kusugua, mpe masufuria."

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa sakafuni. Miaka kumi na miwili nilimwita mvivu mbele za watu kwa sababu ya lile tangi, naye anacheka tu. Alikuwa anajaribu kunieleza, mimi simwachi amalize. Kumbe alikuwa anapika.

Sasa beseni liko nje mlangoni, kila mpita njia analiona. Mke wa fundi saa akasimama: "Mama, uzee huo! Siku hizi unafuga utelezi?" Nikamwambia, "Hicho ni chungu changu. Usichungulie chungu cha watu."

Hao wawili wanakwangua tangu asubuhi. Matumbo yanaanza kurudi.

Usidhani naomba radhi, nakueleza tu yaliyotokea. Salamu. Kula.

Bibi yako


20 Julai

Kijiti,

Umenyamaza wiki tano. Sawa, na mimi nilikunyamazia.

Wako wawili. Nimehesabu asubuhi, nikahesabu tena mchana. Karatasi nimeirudisha pale pale ubavuni. Kioo kina kijani mpaka pembeni, sijakigusa. Masufuria yangu, lakini, yanang'aa mpaka yanatisha.

Nisamehe, mwanangu.

Bibi yako


28 Julai

Shikamoo Bibi,

Nilikasirika, sikufichi. Kila nikishika kalamu yalikuja maneno ambayo mtu hamwandikii bibi yake, nikaiweka chini. Juzi nikamsomea mwenzangu wa wodini yale maneno ya baba ya masufuria. Nikacheka kama alivyokuwa akicheka baba, mpaka mwenzangu akaniletea maji.

Likizo inaanza Ijumaa. Nakuja.

Nibakizie sufuria moja chafu.

Kijiti wako