Kete Niliyoisogeza

Mdogo wangu,

Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Cherehani yako naitia mafuta kila wiki, ingawa bado inakata uzi kwa kisirani kama zamani.

Siku ile tukicheza drafti, ulipoinuka kumpima mteja suruali, nilisogeza kete moja. Ukarudi ukasema, "Kaka, hii haikuwa hapa." Nikaapa mbele ya mama kwamba unanisingizia. Mama akakutaka uniombe radhi, nawe ukafunga mzigo ukaenda zako.

Miaka sita nimekaa nalo moyoni. Jana nikamweleza mama. Hakuacha kukunja vitambaa.

"Nilikuona," akasema. "Nilimwambia akuombe radhi nikidhani utaona haya."

Sikuona, mdogo wangu. Naona leo.

Ni mimi, kaka yako.