Umwambie Baba Kwamba Hana Nuksi

San Pedro de Macorís,
8 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Radhamés,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi kimekwisha. Damaris hajambo? Watoto hawajambo? Nasikia huko New York theluji imewafika magotini. Vaa soksi mbili. Nakuuliza haya yote kwa sababu mama yetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kumsalimu kwanza hata mtu aliyetukasirisha, na wewe umenikasirisha kweli.

Huku umeme unakatika kama kawaida. Paa la jikoni nimelitengeneza mwenyewe, baada ya wiki mbili za kusikia "kesho" yako.

Sasa habari za baba.

Unakumbuka siku tatu baada ya Krismasi, mchujo wa ligi ya besiboli ulipoanza, tukiwa wote mbele ya televisheni, Rufino Cabrejas akazungusha gongo mara tatu bila kugusa mpira. Ukasimama na bia yako, ukamnyooshea baba kidole. Ukasema yeye ndiye mwenye nuksi, kwamba kila akiketi kumtazama Rufino, Rufino hapigi kitu. Wenzako wakacheka. Baba hakucheka. Miaka kumi na tisa amemfuata mtu huyo, tangu alipokuwa kijana mwembamba kwenye kiwanja cha kiwanda cha sukari. Picha yake iko ukutani kando ya Bikira Maria wa Altagracia, na mshumaa ukiwashwa hapo sijui unawashwa kwa ajili ya nani.

Halafu ukapanda ndege, lakini amri ukatuachia. Kabla ya kila mchezo ulipiga simu kuhakikisha mzee ametolewa nje. Nasema kwa aibu kwamba nilikutii. Na Rufino akaanza kupiga, siwezi kulikana hilo, akapiga karibu kila siku mpaka timu yetu ikaingia fainali, na mtaa mzima ukaamini. Baba akawa anabeba kiti chake mwenyewe bila kuambiwa, anakwenda kukaa nyuma ya jiko na kuku wake, pamba masikioni asisikie redio za majirani.

Rufino alikuwa ametangaza kwamba anastaafu. Mchezo wa saba wa fainali ulikuwa wake wa mwisho, ashinde ashindwe. Nilimbembeleza baba tangu asubuhi, nikamwambia hatamwona tena na gongo mkononi. Jibu lake lisome taratibu: "Nikimtazama nitamharibia. Afadhali nisimwone kuliko aondoke na aibu kwa sababu ya macho yangu."

Zamu ya tisa, ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja, wawili wetu wameshatolewa na wa tatu akitolewa mchezo umekwisha, mmoja amesimama kituo cha pili, Rufino akatoka kwenda kupiga. Nikashindwa kuvumilia. Nikakimbia nyuma ya jiko, nikamchomoa baba pamba, nikamdanganya. Nilimwambia mchezo umekwisha, tumeshinda, aje amwone Rufino akiwaaga watu. Alinyanyuka kama kijana. Alipofika mlangoni akamwona Rufino bado ameinua gongo, akajua. Hakurudi nyuma. Alishika fremu ya mlango akatazama.

Rufino akakosa wa kwanza, akakosa wa pili, na wa tatu ulikuwa mpira wa kugonga vumbi ambao hata kuku wa baba wasingehangaika nao. Akauzungushia gongo. Ikawa basi, tumeshindwa. Hakuna aliyeendelea kutazama televisheni. Watu kumi na wawili mle chumbani waligeuka wote wakamtazama baba.

Hazikupita dakika kumi ukapiga simu. Hukuuliza hali ya mtu. "Nani amemwingiza yule mzee?" Wewe ukiwa kwenye simu unapiga kelele, Radhamés, siku zote umekuwa hivyo. Baba alikuwa amesimama kando yangu. Alisikia.

Kesho yake akavaa shati la kanisani, akakamata tetea wake bora, akaniomba nimsindikize kwa Rufino akatake radhi. Nilikwenda nikiamini mtu yule atacheka na kumkumbatia. Tulimkuta na ndala zake anaosha gari. Baba akavua kofia, akajieleza. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo maana, mzee," akasema. "Nilihisi gongo limekuwa zito ghafla. Lakini basi, nimekusamehe."

Na kuku akampokea. Tuliporudi niliitoa picha yake ukutani. Baba ameirudisha.

Ungedhani mambo yangeishia kwenye besiboli. Sasa baba hasogelei meza ya dhumna, asije akawaharibia wenzake, na wenzake hawamwiti. Juzi jirani yetu Bi Mireya, ambaye mama yetu ndiye aliyemzalisha, alikuja kuniomba kwa sauti ya chini kwamba siku binti yake Yokasta atakapokwenda ubalozini kwa ajili ya viza, baba asitoke mlangoni kumuaga. Ni tarehe tatu Machi. Baba alisikia, akasema sawa, atabaki kitandani mpaka gari liondoke. Yokasta akinyimwa, na wengi hunyimwa, unajua vizuri nani atabebeshwa lawama.

Sasa nikwambie ninachokijua. Siku ile uliyomnyooshea kidole, baba alikuwa amesinzia. Wewe mwenyewe ulikuwa unaigiza anavyokoroma, kabla Rufino hajashika gongo. Kelele zako ndizo zilizomwamsha, na mambo yalikuwa yameshakwisha. Hakuuona mpira hata mmoja. Ulijua, na ukasema vilevile, kwa sababu wenzako walikuwa wamecheka mara moja na ulitaka wacheke tena.

Barua hii ameibeba binamu Fausto, itakufikia kabla ya wiki kwisha. Siku utakayoipata, piga simu. Piga kelele kama kawaida yako, mtaa wote usikie. Mwambie baba ulidanganya.

Nisalimie Damaris, wabusu watoto. Shangazi Zunilda anakusalimu. Mungu akulinde na baridi ya huko, na akulinde na ulimi wako.

Baba naye ana ujumbe, amesimama hapa ananihimiza niuandike. Anasema ulisema kweli, anakushukuru kwa kuwa wa kwanza kuliona, na anaomba umsamehe kwa mchezo wa saba. Anauliza pia, utakapokuja tena, aje kukupokea uwanja wa ndege, au abaki nyumbani ili ndege yako itue salama.

Dada yako, akupendaye hata leo, kwa taabu,

Ercilia