Kwa Adhis: Joan Hakukuacha Majini

Ni mwaka mmoja sasa, Adhis, tangu utolewe majini Jumanne ile asubuhi. Tulitaka kumbukumbu hii iwe na picha yako na maneno machache ya Mama, basi. Imekuwa ndefu kwa sababu tuna jambo la kukuambia, na wale waliotusikia tukisema uongo mwaka jana tunataka walisome nao.

Kalamu ninayo mimi, dada yako Jael. Baba alijaribu, akaandika mistari miwili, akanisukumia karatasi.

Nianze na wewe kwanza. Ulikuwa unachekesha bila kukusudia. Siku moja uliacha sufuria ya jelatini jikoni, ile uliyokuwa ukipaka nywele zikauke na zisifumuke majini, na Mama alipoikuta imeganda akadhani ni supu ya miguu ya ng'ombe. Baba aliipasha moto, akatia chumvi, akanywa kikombe kizima, akasema haina ladha lakini inashika tumbo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hata sasa Mama akipika supu ya miguu, Baba huiangalia kwanza.

Nyumba yetu hapa Kibera ni chumba kimoja na pazia, lakini wewe ulipata mahali pa kusimama kichwa chini miguu juu ya ukuta, ukihesabu kwa mdomo, moja mpaka nane, moja mpaka nane, sisi tunakula. Kibanio chako cha pua ulikitia uzi ukakivaa shingoni kama watu wanavyovaa ufunguo. Uliosha vyombo ukitabasamu peke yako. Nikikuuliza unacheka na nani, unasema ni mazoezi, majaji hawataki kujua kama mapafu yanakuungua, wanataka kuona meno.

Ulianzia klabu ile Mama alikokuwa akifua taulo. Jumatatu wenye klabu hawakuogelea, kwa hiyo watoto wa wafanyakazi waliachiwa bwawa kwa saa moja. Vazi lako la kwanza nililitoa mimi kwenye belo la mitumba, Soko la Toi, vazi la mama mmoja mnene wa ng'ambo, fundi akalikata mara mbili ndipo likakutosha. Hapo bwawani ulikutana na Joan Shivachi wa mtaa wa Kawangware 46, ambaye babake alikuwa akitunza maua ya klabu. Mlikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo mkawa wawili, mnacheza majini kwa muziki, mguu wake ukitoka na wako umetoka, shingo zenu zikigeuka pamoja. Mlivaa bendera ya Kenya Misri na Afrika Kusini. Mwaka juzi mlikuwa wa nne Afrika nzima. Majirani wakauliza medali iko wapi, ukawaambia wa nne hupewa usingizi.

Joan alikula kwetu, alilala kwetu, mkipigania blanketi. Mama alimwita binti yake.

Sasa nakuambia kitu ambacho wewe ulikijua na sisi hatukukijua. Chama cha kuogelea hakikuwahi kuwanunulia spika ya chini ya maji. Kocha wenu, Nyamai, alikuwa akigonga ngazi ya bwawa kwa kipande cha bomba, na mlio wa chuma ukawafikia mpaka chini kabisa. Ngazi ikigongwa mara nane, Joan anapanda. Ikigongwa mara kumi na mbili, unapanda wewe. Ndivyo mchezo wenu wa mwisho ulivyotungwa. Miaka kumi na tano tuliwapigia vigelegele, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani anapanda lini.

Siku ya tatu ya matanga Nyamai alikuja na mwenyekiti wa chama, wakapewa viti vya mbele. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ulizimia huko chini kwa kukaa muda mrefu bila hewa. Nyamai akasimama akasema kwa sauti ya upole, "Sisi hatutaki kulaumu mtu. Lakini ukweli ni kwamba Joan alitoka juu akaacha mwenzake chini." Kisha akajifuta macho kwa leso nyeupe iliyopigwa pasi. 

Joan alikuwa nje anaosha vikombe vya wageni. Nikamwita mbele ya watu wote.

"Joan, ni ukweli ulitoka kwa maji kabla ya Adhis?"

"Eeh, nilitoka kwanza, lakini hiyo ni venye tulikuwa—"

"Mmemsikia," nikawaambia watu. "Kwa mdomo wake. Joan, toka hapa."

Aliweka kikombe chini taratibu, akaenda.

Siku ya kukusafirisha nyumbani Siaya alirudi. Alipanda basi mapema, akakaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba mapajani. Kaka yetu Chris alimshusha. Mkoba niliutupa mimi, kwa dirisha, nguo zake zikatapakaa kwenye vumbi, na watu wakapiga makofi. Nilifurahi, Adhis. Sitaki kukuficha hilo. Binti aliyeshika mkono wako majini miaka kumi na tano hakukutupia hata konzi moja ya udongo, na dada yako alifurahi.

Baadaye alinitumia ujumbe: "Jael, angalia simu ya Adhis." Nikaifunga namba yake. Jamaa zetu wanaokaa Gatina, jirani na kina Joan, walikuwa wameshalipeleka neno letu Kawangware, na huko likakua. Wasichana waliosoma naye wakawa wanamwita muuaji akienda kuteka maji.

Mwezi uliopita Mama alitaka picha yako nzuri ya kuweka hapa. Chris akapeleka simu yako kwa fundi aifungue. Tukitafuta picha tukapata video ya Jumanne ile. Kila mazoezi ulikuwa ukiegemeza simu kwenye viatu vyako kando ya bwawa, mjirekodi ili mjikosoe baadaye, na hilo nalo hatukulijua mpaka tulipoiona; video za siku nyingine ndizo zilizotuonyesha zamu zenu za kupanda.

Nyamai amelipa bwawa kisogo. Simu iko sikioni, anacheka na mtu, na mkono wa pili unagonga ngazi kwa mazoea tu. Nane, Joan anatokea na tabasamu lake kama mlivyofundishwa. Kumi na mbili, hutokei. Nyamai anaendelea kugonga. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Joan anageuka, anaangalia chini, tabasamu linaondoka. "Kocha, wacha kugonga! Adhis hajatoka!" Na Nyamai, bila kugeuka, anamwinulia kidole. Kidole kimoja, cha kumwambia angoje amalize kuongea.

Joan alizama mara tatu. Mara ya tatu alikutoa amekukumbatia kwapani, pua yake inavuja damu. Ni yeye aliyekupumulia mdomoni. Nyamai alifika mwisho, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulificha lile bomba nyuma ya ndoo.

Tuliitazama mara moja tu. Aibu niliyoona, nakuambia wazi, haikuwa ya Nyamai peke yake.

Juma lililopita mwenyekiti wa chama alituma vijana wawili nyumbani. Wanataka kuleta shada la maua, fulana zenye uso wako, na mashindano yatakayobeba jina lako. Hotuba itatolewa na Kocha Nyamai. Baba, unamjua hana maneno mengi, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Hiyo maua pelekeni kwenu," akawaambia, "mkule." Video iko polisi, tumepewa nambari ya ripoti, na Chris huenda kila Ijumaa kuwakumbusha. Na wewe mwenyekiti, kama unasoma hapa, uso wa mdogo wangu si wa kupangusia jasho la vitambi vyenu. Yeyote atakayepita mbele ya Mama na fulana ile nitamvua mimi mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa tulienda Kawangware 46, sote wanne. Joan anasuka nywele siku hizi. Hajaingia majini tangu siku ile. Alitufungulia, akatuangalia mmoja mmoja, akatuwekea chai. Yeye hakukaa. Mama akapiga magoti.

"Mama Jael, amka tafadhali," Joan akasema. "Hiyo siwezi angalia."

Nikamwambia tumeona video. Nikamwambia nimekosa, na kwamba mkoba ule nauota. Nikamwomba kitu kimoja: tunapoandika kumbukumbu yako, jina lake liwe pamoja na yetu, kama mtoto wa nyumba. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilidhani atalia, sote tulie, tunywe chai.

Joan alikuwa akikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja.

"Jael, mimi siwachukii. Lakini mlinisema mbele ya watu, so semeni ukweli pia mbele ya watu. Yote. Hiyo ya mkoba uiweke. Halafu kule chini mnaandikanga majina ya familia, mimi msiniweke."

"Adhis angetaka uwe," nikasema.

"Adhis alijua mimi ni nani. Ni nyinyi hamkujua. Mkiniandika hapo saa hii ni ndio mjiskie poa, na mimi bado nitapita hapo nje nikiitwa muuaji."

Chai tuliimaliza kwa sababu ingekuwa aibu nyingine kuiacha. Alitusindikiza mpaka langoni, akamsaidia Mama kuvuka mtaro, akarudi ndani.

Kwa hiyo watu wa Kibera, wa Kawangware 46 na wa Gatina wasikie: Joan Shivachi hakukuacha. Alitoka majini kwa zamu yake, akarudi chini mara tatu kukutafuta wakati mtu mzima anayelipwa kukulinda alikuwa anacheka kwenye simu. Tuliosema vingine ni sisi, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wanaokukumbuka ni baba yako, Mzee Osewe. Mama yako, Nereah. Kaka yako, Chris Okoth. Shangazi yako, Awiti. Na mimi, Jael. Jina la Joan halimo. Hilo ndilo alilotuomba, na kwa mara ya kwanza tumemsikiliza.

Daima tutakukumbuka, Adhis. Naye atakukumbuka kivyake, huko tulikomfukuzia.