Maziwa ya Jioni

Rau, Moshi
Jumapili mchana

Kaka Kornel,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mwanza, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinamsumbua mdogo kimepona. Huku masika yameshika kwelikweli. Mlima umejificha mawinguni na barabara ya kwetu juu ni utelezi mtupu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia. Juzi nilikupigia simu nikakata kabla hujapokea, maana nilijua nitalia tu na wewe hutaelewa kitu.

Krismasi uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, tukacheka, nikakwepa. Leo nakujibu. Pale kiwanda cha maziwa mimi ni mchambuzi wa biashara. Natazama jinsi kazi inavyokwenda tangu maziwa yanapotoka kwa mkulima hadi yanapofika dukani, natafuta panapokwama, kisha nawashauri wakubwa nini kibadilike. Sishiki ng'ombe wala chupa. Nashika maswali na kompyuta.

Mwaka jana walinipa kazi yangu ya kwanza kubwa. Magari ya kukusanya maziwa mlimani yalikuwa yanakula mafuta mno, nikaambiwa nitafute sababu. Nilikaa na takwimu nikaona asubuhi vituo vya kupokelea maziwa vinajaa, lakini jioni gari linahangaika kwenye matope kufuata madumu machache. Nikaitisha mikutano na wakulima. Waliokuja ni wenye akaunti za kulipiwa maziwa, karibu wote wanaume, wakasema jioni ikifungwa hawana neno. Kituo cha kwetu sikwenda. Nilijiambia pale nimezaliwa, napajua. Ripoti yangu ikashauri ukusanyaji wa jioni ufungwe mlima mzima, na Kwaresima ya mwaka huu ilipoanza ukafungwa. Meneja alinisifu mbele ya watu. Nilinunua keki, Kaka, tukaila ofisini.

Baada ya hapo wakanipeleka mafunzoni ili niinuke kikazi, chini ya mzee mmoja aitwaye Herbert, aliyeifanya kazi hii miaka mingi. Zoezi lake la kwanza lilikuwa kila mtu achukue kazi yake ya zamani aikague upya. Akasoma ripoti yangu, akauliza ni nani anaguswa na badiliko hili ambaye sikuzungumza naye. Nikajibu kwa kujiamini kwamba hakuna. Akaniambia nirudi mlimani bila kompyuta, niulize nani anakata majani, nani anakamua, nani anabeba dumu, nani anapokea, na kila jibu niulize kwa nini. Alisema vijana wengi tunauliza swali huku jibu tumeshalishika mkononi. Sikulipenda neno lile. Niliona ananionea.

Lakini kabla sijapanda, ya nyumbani yalinishukia.

Najua Baba alikuambia Mama yuko kwangu kwa matibabu ya macho. Si kweli. Mama aliondoka nyumbani. Baada tu ya Pasaka alifika mlangoni kwangu na mfuko wa nguo na mkungu wa ndizi, akasema amechoka, anaomba kulala. Sikumuuliza zaidi. Alianza kusema mwenyewe siku zilivyokwenda, tukiwa tunamenya ndizi.

Kumbe, Kaka, maziwa ya asubuhi ni ya Baba na akaunti ni yake, lakini ya jioni ni ya Mama. Ndivyo ilivyokuwa tangu aolewe, na kwa bibi ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuliandika wala kulitamka. Mimi na wewe tulikuwa tunalibeba lile dumu la jioni tukitoka shule, na hatukujiuliza hata siku moja hela yake inakwenda kwa nani. Jioni ilipofungwa Mama alijaribu kuyachemsha maziwa na kuyateremsha sokoni Pasua kesho yake, awauzie mama lishe. Siku nyingine yalifika yamekatika. Baba akaona maziwa ya jioni hayana kazi tena, akamuuza yule ng'ombe mweusi, yule ambaye Mama alimlea tangu ndama. Hakumuuliza. Mama alirudi na mzigo wa majani kichwani akakuta zizi lina ng'ombe mmoja.

Na hayo si mabaya kuliko yote. Unamkumbuka Joyness, mke wa Daniel, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Mtoto wao ana kifafa, na dawa zake zilikuwa zinanunuliwa kwa maziwa ya jioni. Yalipokosa mnunuzi Joyness akamwomba mumewe, Daniel akamwambia asubiri kidogo. Dawa zikaisha. Mtoto akaanguka jikoni, mkono ukaingia motoni. Yuko wodini huku mjini hadi leo. Madaktari wanasema mkono utapona, ila vidole hawajui. Mama anampelekea uji kila siku kutoka hapa kwangu.

Nikapanda mlimani kama Herbert alivyoagiza. Nilikwenda vituo vyote nilivyowahi kufika na vile ambavyo sikufika, safari hii nikakaa na wanawake mazizini kwao, nikauliza, nikanyamaza, nikasubiri. Wote walisema lile lile, kila mmoja na lake alilokosa. Nikaandika ripoti mpya. Herbert alipoimaliza akasema sasa nimekuwa mchambuzi, kwamba hajasoma kazi nzuri kama ile kwa mtu wa umri wangu. Mimi nilichoona mbele ya macho yangu ni yule mtoto na bandeji yake.

Meneja alikasirika kwanza. Aliniuliza anasimamaje mbele ya wakubwa zake kusema kinyume cha alichosema mwaka jana. Nikamwambia aseme kosa ni langu. Mwishowe amekubali gari la jioni lirudi kwa majaribio, kituo cha kwetu na vya jirani tu. Likishindwa kujilipa, litaondolewa, na nadhani nami nitaondoka nalo.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie. Siku zote hizo Mama hakujua kwamba ni mimi. Tangazo la kufunga lilitiwa sahihi na meneja, na mlimani ilisemekana kuna mtaalamu ameletwa kutoka Dar. Mama alikuwa akirudi kutoka wodini anakaa, anavua viatu, ananiambia: "Huyo mtaalamu, hivi hana mama?" Nami namimina chai, namjibu, "Sijui, Mama." Nilimjibu hivyo zaidi ya mara moja, Kaka.

Jana nilishindwa kuendelea kuficha. Alikuwa kwenye kochi anachambua mchele, nikapiga magoti mbele yake nikasema, "Mama, huyo mtaalamu ni mimi."

Hakupiga kelele. Mikono ilisimama juu ya ungo. Akasema, "Mektrida, mimi nilikuwa pale pale nyumbani. Kwa nini hukuniuliza?"



Leo baada ya misa ya kwanza amefunga nguo zake. Nilidhani anarudi kwa Baba. Akasema hapana, anapitia wodini kwa Joyness, kisha anapanda kuwaambia wanawake yeye mwenyewe kwamba ni mtoto wake aliyefanya vile, kabla hawajalisikia njiani. Atafikia kwa mama mdogo. Nikamwomba tuende wote, akakataa. "Utakuja Jumatano," akaniambia. "Wana maneno ya kukuambia. Utakaa chini usikilize mpaka wamalize, na usiandike kitu."

Naogopa Jumatano, lakini nitakwenda. Wewe nakuomba umpigie Baba, uzungumze naye habari ya ng'ombe. Mimi hatanisikiliza, na sasa hivi sina uso wa kumlaumu.

Nisalimie wifi sana, uwabusu watoto, na Mungu awatunze nyote hapo ziwani. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini usikae kimya.

Ni mimi mdogo wako,
Mektrida