Diski Imelazwa Accra

Jumatatu, 5 Juni

Diski ya studio ya Baba, inayohifadhi filamu zetu zote, imegeuka njano. Si yenyewe — ni ile programu inayoipima afya. Kila asubuhi naifungua kabla ya shule, kama nesi na kipimajoto. Diski ikiona sehemu yake imeoza, huhamishia maandishi kwenye akiba na kunyamaza. Wiki jana zilikuwa sehemu chache. Leo zimepita mia. Akiba ikiisha, basi tena.

Nimemwonyesha Kaka Barima, mtoto wa shangazi. Ana diploma ya kompyuta, na mtaa wetu mzima wa Bantama hakuna ambaye hajaambiwa. Akatazama mstari wa juu tu.

"Si imeandika hali inaridhisha? Wewe kila siku maandishi madogo. Utavaa miwani kabla hujaolewa."

Akacheka peke yake. Majibu yangu yote hukaa humu daftarini.

Jumatano, 7 Juni

Mama Dufie amekuja, mjane wa Mzee Sarpong. Bado na nguo nyeusi. Anataka filamu ya mazishi, na haraka. Siku ile mkuu wa ukoo wa mumewe alishika maikrofoni akasema mjane asihamishwe kwenye nyumba mpaka naye afe. Kaburi halijakauka, sasa anasema hajawahi kutamka hivyo. Wapwa wa marehemu, ambao kwetu ndio warithi, wanaitaka nyumba. Ndiyo ukoo wetu wa upande wa mama huo — tunausifu shuleni kwa Kiingereza na kwa Kitwi.

"Jumatatu utaipata, mama," Baba akasema. "Sisi hatupotezi kitu."

Hapo hapo onyo likajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, jekundu: diski inakaribia kufa. Baba akazima kioo kwa kiganja, kama anaua mbu.

Mama Dufie alipoondoka, Baba akanikaripia. "Akyaa, mbele ya mfiwa? Mtu hatangaziwi kifo kabla hajafa. Ukikitaja unakiita. Toa hicho kitu."

Nikaiondoa ile programu. Kubofya mara moja tu. Sasa diski yetu ina afya njema kabisa, haina wa kusema vingine.

Nakala nyingine hakuna. Huku kila Jumamosi ni msiba, na Baba hufuta kadi za kamera kila Jumapili zimsubiri marehemu mwingine. Diski ya pili imejaa video ya Barima akiimba juu ya gari la kuazima. Yangu ndogo imejaa tamthilia za Kikorea. Niliifungua, nikaitazama, nikaifunga bila kufuta kitu. Daktari Min na yule mpishi bado hawajaoana.

Ndiyo, nimeandika. Nani atasoma.

Ijumaa, 9 Juni

Diski inagonga. Tik. Tik-tik. Barima anasema ni joto. Ameifungia feni kwa kamba ya viatu, akarudi nyuma kuitazama kama mhandisi aliyejenga bwawa.

Baba naye sasa anaisikia. Amewasha redio ya kwaya, sauti juu.

Jumapili, 11 Juni

Leo ndipo waliponiachia ninakili. Nimefuta tamthilia mbili — mbili tu — nikapata nafasi kidogo. Nikasema nianze na hotuba ya mkuu wa ukoo. Kwa sauti yangu hiyo ya chini.

"Anza na Nana anavyoingia," Baba akasema. "Chifu akikosekana kwenye filamu, studio tufunge."

Basi nikaanza na Nana. Diski mgonjwa husomwa kama mzee anavyopandishwa ngazi. Kila hatua inaweza kuwa ya mwisho. Ilimtoa Nana, mwavuli wake, wapiga ngoma, halafu vijana wakicheza na jeneza. Mwavuli umetoka vizuri mno. Hotuba ikafika asilimia nne. Tik. Kimya.

Barima akaichomoa, akaichomeka. Akaipuliza. Diploma.

Baba akatukusanya jikoni. Tusiseme imekufa. Tuseme inaumwa kidogo, imepelekwa Accra. Baadaye tutasema imezidiwa. Mama Dufie atazoea polepole.

Yaani diski nayo inafichiwa msiba.

Jumatatu, 12 Juni

Mama Dufie alikuja mlango haujafunguliwa. Nimeshavaa sare. Baba akampa kiti, nikampa maji, akanywa, Baba akamwambia huku kwetu ni amani, nyinyi ndio wenye safari — ndivyo mgeni anavyoulizwa kilichomleta.

"Wamebadilisha kufuli," akasema. "Nimelala kwa jirani. Wazee wa ukoo wanakaa saa mbili leo, na nimewaambia nakuja na maneno ya mkuu wao mwenyewe."

Baba akakohoa. "Mama, diski inaumwa kidogo. Tumeipeleka Accra. Wanaiangalia."

Mama Dufie akaweka kikombe chini.

"Sarpong alipofia Techiman waliniambia hivyo hivyo. Anaumwa kidogo, njoo. Nikampikia supu, nikaibeba kwenye basi, nimeifunga kwa kitambaa isimwagike." Akanigeukia. "Akyaa. Imekufa lini?"

Barima akaangalia feni. Baba akaniangalia mimi.

Nikasema jana. Sijui neno lilinitokaje.

Hakulia. Aliuliza tu: "Siku ya mazishi wewe ndiye uliyeshika kamera ya mbele. Ulikuwa karibu na mkuu wa ukoo kuliko mimi. Ulisikia?"

Nilisikia. Kila neno, hadi pale alipomeza mate.

"Basi twende ukawaambie."

"Huyu mtoto?" Baba akasema. "Mbele ya wazee? Huyu hata darasani hanyooshi mkono. Na ukoo ule ndio wateja wetu."

Nikasema naenda kuongeza maji. Niko uani, nimekaa juu ya ndoo, naandika. Mimi ambaye nikinunua wali kwa mama muuzaji siwezi hata kumwambia aongeze pilipili.

Saa moja na robo.

Baba ananiita: "Akyaa, maji gani hayo, unachimba kisima?"

Na sauti ya Mama Dufie, taratibu: "Mwache. Nitamsubiri."